Mafuta ya Difu katika Motokaa ya Kuchezea

Mwajua kwamba chama chetu cha sayansi kina motokaa ndogo iendeshwayo kwa redio. Tuliletewa na mwanafunzi wa zamani, nayo si mpya. Urefu wake ni nusu mita hivi, yaenda kwa betri, na magurudumu yake yote manne husukuma. Wengi wenu mliiona muhula uliopita ikizunguka kama pia kwenye kona ya mwembe, mkacheka. Nataka kuwaeleza kwa nini ilizunguka, maana kosa lilikuwa langu, nami nililitupa juu ya mtu mwingine.

Kwanza tuitazame kazi ya difu. Motokaa ikipinda, gurudumu la nje huenda njia ndefu kuliko la ndani. Chukua kamba uchore duara mbili uwanjani, moja ndani ya nyingine: ya ndani iwe mita 1 kutoka katikati hadi ukingoni, ya nje mita 1 na sentimita 25. Mzunguko wa ile ya ndani ni mita 6.28, na wa ile ya nje mita 7.85. Basi gurudumu la nje halina budi kwenda mita moja na nusu zaidi kwa muda ule ule. Kama yote mawili yamefungwa katika chuma kimoja, moja litaburuzwa. Difu ndiyo iyapayo ruhusa ya kutofautiana. Mfaransa mmoja, fundi wa saa, jina lake Onésiphore Pecqueur, aliitia katika gari la mvuke miaka ya 1820. Motokaa yetu ina difu tatu: ya mbele, ya nyuma, na ya katikati igawanyayo nguvu baina ya hizo mbili.

Lakini ruhusa hiyo ina hasara yake. Gurudumu likiinuka hewani huzunguka bure, na jingine lililo chini halisukumi kitu. Aliyeona lori limenasa matopeni, tairi moja likirusha tope na la pili limetulia kimya, ameiona difu ikifanya kazi yake.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia. Ndani ya kikopo cha difu mna gia ndogo zilizozama katika mafuta ya silikoni. Gurudumu moja likitaka kulipita jingine, gia hizo lazima ziyapasue mafuta hayo. Yakiwa mazito huzizuia sana, yakiwa mepesi huzizuia kidogo. Tena kizuizi huongezeka kadiri tofauti ya mwendo inavyoongezeka: katika kona pana hukisikii, lakini gurudumu lizungukalo ovyo hewani hulishika barabara. Uzito huo hupimwa kwa sentistoki. Maji ni 1 hivi. Sisi tulikuwa na chupa za 2,000, 5,000 na 10,000, na hayo ya mwisho hutiririka polepole kama asali. Kwa motokaa za namna hii watu wengi huanza na 5,000 au zaidi kidogo mbele na katikati, na 2,000 au 3,000 nyuma.

Mimi ni mwenyekiti wa chama, nikajiona fundi. Nilidhani mafuta mazito nyuma yatayafanya magurudumu mawili yasukume pamoja, motokaa isiteleze. Usiku nikatia 10,000, nisimwambie mtu. Kesho yake kijana wa Kidato cha Pili, ambaye ndiye dereva wetu hodari, akaizungusha kwenye mwembe mara tatu. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mkono wake ni mzito, nikamnyang'anya rimoti. Aliniambia tu, "Kaka, mkia wake umebadilika." Sikumsikiliza. Nami nilipoiendesha ikazunguka vile vile, nikalaumu tairi.

Mwalimu wetu wa fizikia hakusema neno. Aliinua motokaa, akazungusha gurudumu moja la nyuma kwa kidole. La upande wa pili lapaswa kuzunguka kinyume kwa wepesi. Lilikwenda kwa shida, kama mlango wenye kutu. Kisha akajaribu la mbele, likaenda laini. Nikaelewa papo hapo, na uso ukaniwaka. Magurudumu ya nyuma yalikuwa karibu kufungwa pamoja. Katika kona lazima moja liteleze, na katika udongo wetu mwekundu wenye vumbi, ukiongeza moto hupoteza mshiko yote mawili kwa pamoja, mkia ukatoka nje.

Tulifungua, tukafuta, tukatia 2,000, tusiguse kitu kingine. Mkia ukatulia. Baada ya hapo tulijaribu difu moja moja. Mbele tulipotia 10,000, motokaa ilikataa kuingia kona, ikaenda zake uani kwa watawa. Ila ilipotoka katika kona ilivuta moja kwa moja. Katikati tulipotia 2,000, magurudumu ya mbele yalizunguka ovyo kila tulipoongeza moto, ikawa pole lakini goigoi. Tulipotia 10,000 iliruka kama swala, ikawa ngumu kuishika. Tukarudi kwenye 5,000 mbele na katikati.

Neno moja juu ya kujaza: mafuta yafunike tu vijiti vishikavyo gia, yasifike ukingoni, maana yakipata joto hutanuka na kupenya kwenye mipira. Zungusha gia taratibu ili mapovu yatoke kabla ya kufunga.

Siku ya wazazi nilimrudishia yule kijana rimoti, nikawaambia wenzake ni nani aliyetia mafuta usiku ule. Alizunguka mwembe mara kumi, akaangusha kigingi kimoja tu. Tulipofungua difu ya nyuma jioni, mafuta yalikuwa yamegeuka kijivu kwa unga wa chuma cha gia, yanataka kubadilishwa. Yeye ndiye aliyeyabadilisha. Mimi nilishika taa.