KAMBA YA PARACHUTI: IJUE NZURI NA FEKI KABLA HUJATOA HELA YAKO

Somo la leo ni la wale wanaosuka bangili, kamba za mbwa, vishikizo vya funguo na mikanda ya kamera, pamoja na wanaouza vifaa vya kambi na vya mlima. Tunaongelea kamba ya parachuti, ambayo madukani wengi wanaiita parakodi.

Biashara hii inalipa ukiwa na mzigo mzuri. Shida ni kwamba kamba nzuri na kamba mbovu kwa nje zinafanana sana. Rangi zilezile, unene uleule, na karatasi imeandikwa 550 zote mbili. Mimi nasuka na kuuza, na siku hizi hakuna fungu linaloingia kwenye meza yangu bila kupita vipimo hivi ninavyowaandikia hapa. Havihitaji mashine. Unahitaji mkasi, mzani mdogo wa jikoni, kiberiti, maji na futi ya fundi cherehani.

KWANZA TUIJUE YENYEWE

Kamba hii ilitengenezwa kwa ajili ya kuunganisha mwavuli wa parachuti na askari anayeruka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia askari wa Marekani wakishatua walikuwa wanaikata na kuitumia kwa kazi nyingine: kufunga mizigo, kutengeneza hema, kushona. Ndipo ilipopata jina. Mwaka 1997 hata wanaanga waliokwenda kukarabati darubini ya Hubble waliitumia kule juu.

Ina sehemu mbili. Kuna ganda la nje lililosukwa, na ndani kuna nyuzi zinazobeba sehemu kubwa ya uzito. Aina inayotumika zaidi ni ile ya tatu kwa viwango vya jeshi la Marekani. Hiyo inatakiwa iwe ya nailoni tupu, ndani iwe na nyuzi 7 hadi 9, na kila uzi uwe umesokotwa kwa vijiuzi 3. Za kiraia mara nyingi zina vijiuzi 2 tu kwa kila uzi. Hiyo peke yake siyo ufeki, ila ujue unanunua nini.

Sasa namba 550. Hapa watu wanapigwa sana. Hizo siyo kilo na siyo mita. Ni ratli 550, yaani karibu kilo 249, ambazo kamba mpya isiyo na fundo inatakiwa ibebe kabla ya kukatika. Muuzaji akikwambia "hii inabeba kilo mia tano na hamsini", basi hajui anachouza, au anajua na anakujaribu.

VIPIMO VYA DUKANI

1. Hesabu nyuzi za ndani.
Omba kukata ncha sentimita mbili. Ncha nyingi zimechomwa zikaungana, kwa hiyo bila kukata huoni kitu. Sukuma ganda nyuma, toa nyuzi, hesabu. Ukikuta 7 au zaidi, endelea. Ukikuta 4 au 5, hiyo siyo 550 hata karatasi iseme nini.

Ongea na muuzaji kwa adabu. Mimi huwa nasema hivi: "Kaka yangu, naomba nikate kidogo tu nione ndani. Ikiwa nzuri nachukua mzigo." Mwenye mali nzuri hana wasiwasi, atakupa na mkasi. Akianza kusema "Dada, zote ni zilezile tu, chukua uende", mimi huwa nashukuru na kwenda duka la pili.

2. Bonyeza na sukuma ganda.
Ishike kati ya vidole viwili uibonyeze. Nzuri inabaki duara, unahisi imejaa. Ikilala bapa kama kamba ya kiatu, ndani kuna njaa. Kisha shika ncha moja na usukume ganda kuelekea katikati. Likiteleza sana kama soksi kubwa mguuni, bangili yako italegea baada ya wiki mbili. Angalia na msuko wa ganda: vigamba vidogo vilivyobanana ni dalili nzuri, vigamba vikubwa vyenye nafasi vinashika uchafu na kunasa kucha.

3. Weka kwenye mzani.
Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakina maneno mengi. Fungu la mita 30 la 550 ya nailoni lina uzito wa gramu 200 hivi. Likipungua gramu kumi au ishirini siyo neno. Lakini ukiona gramu 130 kwa fungu lililoandikwa mita 30, moja kati ya mambo mawili limetokea: mita hazijatimia, au ndani kuna plastiki nyepesi badala ya nailoni. Vyovyote vile, hela yako haijarudi yote.

4. Usiamini kuvuta kwa mikono.
Najua kila mtu anafanya hivyo dukani, anaikunja kwenye ngumi na kuvuta. Hata kamba mbovu kabisa ya unene huo itakushinda kwa mikono. Kipimo hicho kinampa muuzaji ushindi wa bure.

VIPIMO VYA NYUMBANI

Kabla ya kubeba dazeni nzima, nunua fungu moja uende nalo nyumbani. Hata kama muuzaji ni rafiki yako.

5. Kipimo cha maji.
Chukua nyuzi za ndani, zichambue, zilowanishe kwenye maji yenye sabuni kidogo ili hewa itoke, kisha zizamishe. Nailoni na polista zinazama. Plastiki ileile ya viroba vya mchele inaelea. Zikielea, umeuziwa kamba ya viroba yenye nguo nzuri.

Mimi niliwahi kuletewa mzigo wa sampuli na msambazaji mmoja, karatasi imeandikwa nailoni 550. Ganda lilizama vizuri kabisa. Nyuzi za ndani zikaelea zote. Kwa hiyo pima ganda peke yake na nyuzi za ndani peke yake. Ukipima ganda tu, unadanganywa mchana kweupe.

6. Kipimo cha moto.
Fanyia nje, shika kwa koleo, weka kopo la maji karibu, na watoto wakae mbali. Tumia nyuzi nyeupe za ndani kwanza, maana rangi ya ganda inaweza kuchanganya moshi. Nailoni inajikunja na kuyeyuka, moshi wake ni mweupeweupe, na ncha inabaki na tone gumu la rangi ya kijivu au kahawia. Polista inatoa moshi mweusi na harufu tamutamu. Plastiki ya viroba inanuka kama mshumaa na inaendelea kuwaka yenyewe. Usiguse tone mpaka lipoe, linanata kwenye ngozi na kuunguza vibaya.

7. Kipimo cha maji ya moto.
Kata mita moja kamili. Iloweke kwenye maji ya moto dakika kumi, iache ikauke kivulini, kisha ipime tena. Nailoni inasinyaa. Mita moja inaweza kurudi sentimita 95 au chini ya hapo. Hilo siyo kosa la kamba, ndiyo tabia yake. Lakini ukisuka bangili bila kujua, mteja ataogea nayo na itambana mkono. Dawa yake ni kuloweka fungu zima kwenye maji ya moto na kulikausha kabla ya kusuka.

Hapohapo pima rangi. Futa kamba iliyolowa kwenye kitambaa cheupe. Ikiacha rangi, usimvishe mteja, maana jasho litahamishia rangi kwenye shati lake na atakukumbuka kwa ubaya.

NAILONI AU POLISTA?

Wengi mnadhani polista ni feki. Hapana. Feki ni kuuziwa polista kwa jina na bei ya nailoni. Kila moja ina kazi yake.

Nailoni inavutika kabla ya kukatika, kwa hiyo inameza mshtuko. Kamba ya mbwa anayerukaruka, mkanda wa begi, kufunga mzigo unaotikisika: hapo nailoni ndo yenyewe. Udhaifu wake ni maji na jua. Ikilowa inanyonya maji, inarefuka na nguvu inapungua kidogo. Ikikaa juani miezi mingi inachoka.

Polista hainyonyi maji kama nailoni, hairefuki sana, na inavumilia jua zaidi. Kwa kamba za kuanikia nguo, za maturubai ya gengeni na za kukazia hema, polista ni nzuri sana. Nyie wa Moshi na Arusha mnaouzia watu wa mlima hili liwakae kichwani. Kilimanjaro, ukitoa njia ya Marangu yenye vibanda, wageni wanalala kwenye mahema, na ukanda wa msitu una mvua. Kamba ya hema ya nailoni ikilowa usiku inalegea, mtu inabidi atoke kwenye baridi aikaze. Mwambie kiongozi wa msafara ukweli huo, na mwakani atakuja kwako tena.

USICHOTAKIWA KUMWAMBIA MTEJA

Hapa naomba tuwe makini, maana siyo suala la hela tu.

Usimwambie mteja kwamba kamba hii inapandia mlima wala inabeba mtu. Atakuuliza, "Si umesema kilo 249? Mimi nina 80." Mjibu hivi: hizo kilo 249 ni za kamba mpya, imenyooka, haina fundo, uzito umewekwa taratibu. Fundo peke yake linaweza kula karibu nusu ya nguvu. Na mtu akianguka hata mita moja, mshtuko wake unazidi uzito wake mara nyingi. Kamba za kupandia ni kitu kingine kabisa, zina viwango vyake na zinapimwa kwa kuangusha uzito.

Kwa hiyo siyo ya kupandia, siyo ya bembea ya watoto, siyo ya kumshushia fundi kisimani. Mimi nikisikia mteja anataka kwa kazi hizo, simuuzii, namwelekeza kwa wenye kamba zake. Mauzo ya fungu moja hayalingani na mguu wa mtoto wa mtu.

Mkumbushe pia kwamba nailoni ikisuguana na nailoni sehemu moja kwa muda inapata joto na kujikata. Na tindikali ya betri inaiharibu. Asiihifadhi kwenye buti pamoja na betri ya zamani.

HESABU YA MTAJI

Bangili ya msuko wa kobra inakula kamba mita 2.7 hivi kwa mkono wa kawaida. Fungu la mita 30 linatoa bangili 11. Sasa tufanye mfano, bei weka za kwenu. Fungu zuri tuseme 11,000. Kamba ya bangili moja inakugharimu 1,000.

Fungu la bei chee tuseme 7,000. Umefurahi, umeokoa elfu nne. Ukilipima unakuta mita 26. Linatoa bangili 9, na kipande kinabaki. Kamba ya bangili moja ni kama 780. Kumbe ulichookoa siyo elfu nne, ni shilingi 220 kwa bangili. Bangili moja ikirudishwa kwa sababu imefumuka, umerudisha hela ya mteja na kupoteza saa yako ya kusuka. Faida ya bangili zote tisa kwenye kamba ilikuwa 1,980. Hebu jiulize iko wapi.

Wakati wa kupima urefu pitisha kamba yote mkononi. Kuna mafungu yenye viungo katikati, vipande viwili vimechomwa vikashikana. Ukikuta kiungo, kata hapo. Usikisukie ndani ya kamba ya mbwa ukidhani hakitaonekana. Mbwa atakiona.

KUMALIZIA

Ukishapata kamba nzuri, itunze kivulini, siyo kuining'iniza mbele ya duka juani mwaka mzima ikawa tangazo. Ninga'niza kipande kimoja cha kila rangi, mzigo uweke ndani. Na weka kipande cha sentimita kumi kilichofunguliwa mezani, nyuzi zote zikionekana. Mteja akiuliza kwa nini kwako ni ghali kuliko kwa jirani, usibishane naye. Mpe kipande na mwambie ahesabu mwenyewe.

Mwenye swali aulize hapo chini, na ukiwa na mwenzako anayesuka, mpelekee somo hili kabla hajaenda kununua mzigo. Kazi njema.