Vipele vya Kunyoa: Kinga na Tiba kwa Kaya za Kibimba

Maana ya tatizo

Vipele vya kunyoa, ambavyo watu wengi huviita vipele vya ndevu kwa kuwa hushika zaidi kidevu na shingo, ni vivimbe vidogo vinavyotokea pale unywele uliokatwa unapojikunja na kuota kuelekea ndani ya ngozi badala ya kutoka nje. Huwapata wanaume na wanawake, huonekana pia kisogoni, kwapani na kinenani, yaani pale paja linapokutana na tumbo, na huwasumbua zaidi wenye nywele za kipilipili wanaonyoa mpaka ngozi ibaki laini kabisa. Haviambukizwi, havitokani na uchafu wala na ile inayoitwa damu chafu, na kwa hiyo dawa za kusafisha damu zinazouzwa minadani haziviponyi hata zikinywewa chupa ngapi.

Kosa linaloongoza kwa madhara

Kipele cha kunyoa hakichokolewi.

Kipele hicho kikiachwa, mara nyingi hupona chenyewe, lakini kikichokolewa kwa pini, kwa sindano ya kushonea, kwa mwiba, kwa ncha ya wembe au kwa ukucha, ngozi hutobolewa, vijidudu vya mikononi na vya chuma hicho huingizwa ndani, na kilichokuwa kipele huwa kidonda chenye usaha au jipu. Wapo wanaochoma pini kwenye moto wa mshumaa wakiamini kuwa imekuwa salama, ilhali ngozi yenyewe haijasafishwa na mkono unaoishika haujaoshwa. Wapo pia wanaoubana unywele kwa kibano na kuung'oa, nao hufarijika kwa siku chache tu, kwa sababu unywele mpya huota ukiwa na ncha kali chini ya ngozi na kurudisha kipele palepale. Baada ya kuchokoa mara nyingi hubaki madoa meusi, na kwa baadhi ya watu huota keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua hadi kuzidi kidonda kilicholileta, ambalo kuliondoa ni kazi ngumu na mara nyingi hurudi. Anayemchokolea mwenzake, kama wafanyavyo wanandoa wakati wa jioni, humfanyia madhara yaleyale, hata akiwa na nia njema. Hakichokolewi.

Namna ya kukitibu nyumbani

Hatua ya kwanza, na iliyo ngumu kwa wengi, ni kuacha kunyoa sehemu hiyo kwa wiki nne hivi, kwa sababu unywele ukirefuka hujivuta na kutoka wenyewe bila kuhitaji kuchokolewa. Katika muda huo, kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, yasiyounguza mkono, huwekwa juu ya vipele kwa dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni, kisha ngozi huoshwa kwa sabuni ya kawaida na kukaushwa kwa kugusagusa bila kusugua. Mwasho ukizidi, kitambaa cha maji baridi hutuliza. Walinzi, askari na wengine ambao kazi yao hudai kidevu kisicho na ndevu wanashauriwa kuomba cheti cha daktari, jambo ambalo si la aibu, kwani hata katika jeshi la Marekani wanajeshi wenye tatizo hili wamewahi kupewa ruhusa ya kitabibu ya kutonyoa.

Vitu visivyopakwa

Ndimu, dawa ya meno, magadi, majivu, mafuta ya taa na maji ya betri havipakwi juu ya vipele, maana baadhi huunguza ngozi na vingine huiwasha na kuongeza uvimbe. Unga wa kapsuli za tetrasaiklini haunyunyizwi kwenye vidonda, kwa kuwa kapsuli ni dawa ya kumeza kwa maelekezo ya mtaalamu, na kuitumia ovyo huwafanya vijidudu wasisikie dawa siku itakapohitajika kweli. Krimu zenye steroidi, ambazo ni dawa za kupunguza uvimbe, hazinunuliwi kwa kukisia, kwani zikipakwa kwa miezi huifanya ngozi ya uso kuwa nyembamba. Krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini Tanzania, na kuzitumia kufuta madoa ya vipele ni kuongeza balaa juu ya jingine.

Kunyoa kusikoleta vipele

Njia iliyo salama zaidi ni kutumia mashine na kuacha nywele fupi zinazoonekana, zenye urefu wa milimita moja hivi, bila kutafuta ule ulaini unaosifiwa na vijana. Anayelazimika kutumia wembe hulowanisha ngozi kwa maji ya uvuguvugu na kupaka povu la sabuni, hutumia wembe mpya wenye makali, hufuata uelekeo nywele zinakolalia, haivuti ngozi, na hapitishi wembe mara mbili mahali pamoja. Kinenani na kwapani mkasi unatosha, nazo nguo za ndani zinazobana hufaa ziepukwe kwa siku chache baada ya kunyoa.

Wembe wa nyumbani

Wembe ni wa mtu mmoja, hata kati ya mume na mke.

Kwa kinyozi

Vibanda vya vinyozi vilivyo kandokando ya barabara ya malori iendayo mipakani Rusumo na Kabanga hupokea vichwa vingi kwa siku, na mashine ileile hupita kwa wote. Mlipuko wa homa ya Marburg uliotangazwa wilayani Biharamulo Januari 2025 uliwakumbusha wakazi kwamba damu ya mtu mwingine haiguswi, na jambo hilo lahusu wembe pia, kwa maana virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo navyo huenea kwa damu, huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Mteja ana haki ya kutaka meno ya mashine yasuguliwe kwa brashi, yapanguswe kwa spiriti na kuachwa yakauke. Kupitisha moto wa kiberiti juu yake kwa sekunde moja ni maonyesho tu. Kinyozi anayejitolea kutumbua vipele vya kisogoni akataliwe, kwa kuwa kipele cha kunyoa hakichokolewi, na aliyekipata kisogoni huachiwa nywele ndefu kidogo hadi kipone.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Mgonjwa hapaswi kungoja pale uvimbe unapoenea, unapokuwa wa moto au kutoa usaha, homa inapoanza, au uso unapovimba karibu na jicho. Mwenye kisukari huenda mapema zaidi. Vidonda au malengelenge ya sehemu za siri havidhaniwi kuwa vipele vya kunyoa kabla ya kupimwa, kwa sababu baadhi ya magonjwa ya zinaa huanza kwa sura hiyo. Aliyekatwa kwa wembe uliotumiwa na mtu mwingine hufika kituoni siku hiyohiyo, kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai baada ya hapo. Unywele unaoonekana umejikunja kama kitanzi hunyanyuliwa na mhudumu kwa sindano isiyo na vijidudu, na kovu linalokua huonyeshwa hospitalini, iwe Murgwanza au Rulenge, likiwa bado dogo.