SIWEZI, AU SITAKI?



Somo letu la mwezi huu latoka katika kitabu cha Kutoka, sura ya 3 na ya 4. Twaomba kila nyumba ifungue Biblia na kuzisoma sura hizo kwa sauti kabla ya kuendelea na maelezo haya. Asiye na miwani na asomewe na mjukuu.

Musa alikuwa akichunga kondoo wa mkwewe. Aliona kijiti kinawaka wala hakiteketei, akaitwa, akaambiwa arudi Misri awatoe Waisraeli utumwani. Hakufurahi. Alitoa udhuru mara tano, na yafaa tuzihesabu. Kwanza aliuliza yeye ni nani hata aende kwa Farao (3:11). Pili, ataulizwa jina la Mungu aliyemtuma, naye hajui la kujibu (3:13). Tatu, watu hawatamsadiki (4:1). Nne, yeye si msemaji, ulimi wake ni mzito (4:10). Tano, aliomba atumwe mtu mwingine (4:13).

Sasa tazameni jambo ambalo wengi hulipita haraka. Mara nne za kwanza Mungu hakukasirika. Alimjibu Musa kama mwalimu anayerudia hesabu ubaoni kwa ajili ya mtoto mmoja aliyebaki nyuma. Alimwahidi kuwa pamoja naye, akampa Jina lake, akamwonyesha kwamba ile fimbo ya kuchungia iliyokuwa mkononi mwake yafaa kuwa ishara. Hasira iliwaka mara ya tano tu (4:14). Kwa nini? Kwa maana katika zile nne Musa alisema "siwezi", na katika ile ya tano alisema "sitaki".

Hata hapo Mungu hakumwacha, alimpa Haruni ndugu yake awe msemaji wake. Wala hatusomi kwamba ulimi wa Musa uliponywa. Katika sura ya 6, mistari ya 12 na 30, bado analalamika kwa habari ya midomo yake. Alikwenda nayo vivyo hivyo. Naye Haruni hakuwa malaika: ndiye aliyewatengenezea watu sanamu ya ndama (sura ya 32).

Kanisa letu lina watu wake wa namna hii. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni, akakombolewa, akalelewa na misheni ya UMCA huko Unguja. Mwaka 1886 alipelekwa kusini, Chitangali, kuwahudumia Wayao wenzake. Mwaka 1890 alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Hapakuwa na mtu wa kwao aliyemtangulia katika daraja hiyo, ambaye angemtazama na kumwiga. Alikwenda.

Sisi tunaowaandikieni tulikataa. Tulipostaafu kazi ya chuo cha ualimu, Padre alituomba tuchukue darasa la kipaimara siku ya Jumamosi. Tulijibu kwa unyenyekevu mwingi kwamba macho yamefifia, kwamba vijana wanahitaji vijana wenzao, na kwamba sisi tumezoea kufundisha walimu, si dini. Maneno hayo yalipokelewa kwa heshima. Kweli yenyewe ni kwamba Jumamosi alasiri tulipenda kukaa barazani na kusikiliza mpira redioni. Darasa likakosa mwalimu tangu Kwaresima hadi karibu na ziara ya Askofu. Watoto kadhaa waliacha kuja, na baadhi yao hatujawaona kanisani hadi leo. Wakikutana nasi njiani hutuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," na salamu hiyo hutuchoma.

Na ni sisi hao hao tuliowaambia wanachuo miaka mingi kwamba wasiogope kutetemeka kabla ya mazoezi ya kufundisha! Mwanachuo aliyetetemeka aliandaa somo lake usiku kucha. Aliyetutia wasiwasi ni yule asiyetetemeka kabisa.

Kilichotushinda ni mstari mmoja, Kutoka 7:7. Musa aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 80, na Haruni 83. Sisi tulikuwa bado katika miaka ya sitini. Tulikwenda kwa Padre jioni ile ile.

Macho hayajapona. Mama mmoja wa Umoja wa Mama huja kutusomea maandishi madogo, nasi twaeleza. Yeye alikuwa akisema hana elimu ya kutosha. Sasa watoto humwuliza maswali yeye kwanza, na wakati mwingine majibu yake huwa mazuri kuliko yetu. Darasa la watoto wadogo siku ya Jumapili bado lina mwalimu mmoja tu, naye ni mgonjwa mara kwa mara.

Kwa mwezi ujao, someni Waamuzi sura ya 6, habari za Gideoni. Hesabuni ni mara ngapi aliomba ishara, na mwandike pembeni kama Mungu alimkasirikia.