KUTOKA WITO WA MACHINGA HADI KIOO CHA SIMU: LUGHA YA BIASHARA YA MTANDAONI KATIKA VITONGOJI VYA DAR ES SALAAM

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha ya wauzaji wadogo wadogo wa mtandaoni katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke. Hoja kuu ni kwamba ubunifu wa biashara hiyo umo zaidi katika sarufi ya mapatano, iliyohama kutoka barabarani hadi kwenye simu, kuliko katika mitambo yenyewe. Aidha, yanaonyesha kwamba sarufi inayojenga imani ya mnunuzi ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na tapeli kumnasa.

1.0 Utangulizi

Misingi miwili ya biashara ya mtandaoni nchini Tanzania iliwekwa karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 2008 kampuni ya Vodacom ilianzisha huduma ya M-Pesa, na mwaka 2009 kebo ya Seacom iliyopita chini ya bahari ilifika Dar es Salaam. Fedha ikaweza kusafiri kwa simu, na baadaye picha nayo ikaweza kusafiri kwa gharama ambayo mkazi wa Mbagala, Tandika au Tegeta aliimudu.

Wengi walitarajia kwamba duka la mtandaoni lingefuata mfumo wa nchi za Magharibi: bidhaa imepangwa, bei imeandikwa, mnunuzi anabonyeza na kulipa bila kusema neno. Kampuni ya Jumia, iliyouza kwa mfumo wa aina hiyo, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Sababu za kiuchumi za uamuzi huo hazihusu makala haya. Linaloihusu isimu ni kwamba muuzaji mwenye simu moja, asiye na duka wala tovuti, aliendelea kuuza kwa WhatsApp na Instagram, na kwamba mauzo yake hufanyika kwa mazungumzo. Mifano inayojadiliwa hapa ni semi za kawaida, ambazo mkazi yeyote wa jiji hili amekwisha kuzisikia au kuzisoma.

2.0 Winga na Cha Juu

Msamiati ndio mahali pa kuanzia. Kiswahili kina neno kongwe la mtu wa kati, yaani dalali, lenye asili ya Kiarabu. Hata hivyo, siku hizi jijini dalali huhusishwa zaidi na nyumba na viwanja. Kwa nguo, viatu na simu za Kariakoo limejitokeza neno winga, lililochukuliwa kutoka uwanja wa mpira. Winga wa mpira hukimbia pembeni, huwapita mabeki, kisha humpelekea mfungaji mpira. Winga wa Kariakoo naye hana duka: humfuata mteja barabarani na kumfikisha kwa mwenye mali. Sitiari hii ni sahihi kwa sababu inataja kazi ya mtu huyo na pia mahali anaposimama, yaani pembeni.

Simu imepanua uwanja wa winga. Sasa anaweza kupiga picha za bidhaa za duka la mwingine Kariakoo asubuhi, akazionyesha kwa wateja wa Bunju na Chamazi mchana, na kuongeza katika bei ya mwenye duka kiasi kinachoitwa cha juu. Muundo wa istilahi hii unastahili kuzingatiwa. Nomino imedondoshwa, na kivumishi cha a-unganifu kimebaki kikiwakilisha kitu kisichotajwa. Kutotajwa huko kunaafiki matumizi yake, kwani cha juu ni kiasi ambacho mnunuzi hatakiwi kukijua.

3.0 Sarufi ya Wito

Machinga wa barabarani huita kwa kurudufu bei: "Jero jero! Buku buku!" Bei ndiyo wito wenyewe. Katika simu wito hubadilika:

(1) Mzigo mpya umeingia. Wahi kabla haujaisha.

Katika mfano huu kiima ni mzigo, na kitenzi ingia ni kitenzi sielekezi. Mtenda hayumo. Lau muuzaji angesema "Nimeingiza mzigo mpya", angedai kwamba mali ni yake. Kwa kusema "umeingia", winga hasemi uongo: mzigo umeingia kweli, ila umeingia katika duka la mtu mwingine. Hali timilifu ya -me- inatoa habari ya tukio lililokamilika na kuacha wazi swali la umiliki. Huu ni ubunifu wa kisarufi ambao hakuna aliyefundishwa darasani.

Tofauti ya pili ni kwamba bei, iliyokuwa kiini cha wito wa machinga, sasa mara nyingi hufichwa. Mteja anapouliza bei hadharani, hujibiwa:

(2) Njoo inboksi.

au

(3) Njoo chemba.

Kitenzi cha mwendo kinatumika ingawa hakuna anayetembea. Simu imegawanywa kama nyumba ya Uswahilini: kuna baraza, ambapo kila mpita njia huona, na kuna chumba cha faragha, ambamo mapatano hufanyika. Wanunuzi wengi hulalamikia desturi hii, na malalamiko yao yana msingi, kwa kuwa bei iliyofichwa inaweza kutofautiana kati ya mteja na mteja. Kwa upande wa muuzaji, kuficha bei hulinda cha juu dhidi ya mawinga wenzake na pia huwalazimisha wahusika wawili kuzungumza. Ndiyo maana jina la Kupatana, lililopewa jukwaa mojawapo la matangazo ya bidhaa nchini, linafaa sana. Kiambishi cha kutendana -an- kinadokeza kwamba bei haitolewi na upande mmoja; hufikiwa na pande mbili.

4.0 Sarufi ya Imani

Mazungumzo hayo hufikia kikomo katika swali moja: nani atangulie, fedha au mzigo? Swali hili hujibiwa kwa viambishi:

(4) Unalipia ukishapokea mzigo.

(5) Ukishatuma hela, mzigo unapakiwa kwenye basi.

Mfano (4) huelekezwa kwa mteja wa jijini, ambaye dereva wa bodaboda anaweza kumfikia Rangi Tatu au Tegeta Nyuki. Mfano (5) huelekezwa kwa mteja wa mikoani. Katika mifano yote miwili -ki- ya masharti imeambatana na -sha- ya ukamilifu. Kitenzi chenye -sha- ndicho kinachotangulia kutendeka. Katika (4) mnunuzi hulipa baada ya kuona. Katika (5) hulipa kabla ya kuona. Silabi hiyo moja inatosha kumwonyesha msomaji makini ni nani anayemwamini mwenzake.

Tapeli naye ni mjuzi wa sarufi. Ujumbe unaofahamika mno nchini ni huu:

(6) Ile hela tuma kwenye namba hii.

Kionyeshi ile hurejelea kitu kilicho mbali, au kitu ambacho msemaji na msikilizaji wamekwisha kukizungumzia. Ujumbe huu hauthibitishi kwamba kuna hela iliyozungumzwa; unalichukulia jambo hilo kuwa linajulikana. Hutumwa kwa watu wengi bila kubagua, na yule ambaye kweli alikuwa na deni au ahadi ya malipo siku hiyo ndiye anayejaza maana ya ile kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Anayetuma karo, kodi ya nyumba au malipo ya mzigo huibiwa kwa sababu amesoma Kiswahili kwa ushirikiano, kama msikilizaji mwema anavyopaswa.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba biashara ya mtandaoni ya vitongoji vya Dar es Salaam imejengwa juu ya winga, chemba, -me- isiyo na mtenda na -sha- ya dhamana. Mambo mawili yanafuata. Kwanza, watunga kamusi wanapaswa kuingiza winga na cha juu kwa maana zake za kibiashara, kwani istilahi rasmi kama biashara mtandao hutaja uwanja bila kuwataja wachezaji wake. Pili, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Sheria ya Makosa ya Mtandao zilitungwa mwaka 2015, na mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama. Mgogoro wa mnunuzi wa Tandika na muuzaji asiyemfahamu utahitaji hakimu anayeweza kupima kama "mzigo umeingia" ni ahadi ya umiliki au tangazo tu. Kipimo hicho ni cha kisarufi kabla ya kuwa cha kisheria, na wanaisimu wa Kiswahili hawana budi kukiandaa.