Ngozi ya Muundi Inapobadilika: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Krimu

Mkazi wa Kibondo au Kasulu akiona ngozi ya muundi imekuwa nene na ngumu, huenda akakimbilia duka la dawa muhimu kununua krimu. Hata hivyo, chanzo cha mabadiliko hayo huweza kuwa shingoni, katika tezi ya thairoidi.

Ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la tabibu wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835, hutokea pale kingamwili zinapoichochea tezi hiyo kutoa homoni kupita kiasi. Kwa wagonjwa wachache, ngozi ya mbele ya miundi, kwa kawaida miguu yote miwili, huota mabaka au vinundu, hubadilika rangi na kufanana na ganda la chungwa.

Bonyeza uvimbe kwa kidole gumba. Uvimbe wa maji, kama ule wa moyo au figo, huacha shimo. Huu wa tezi kwa kawaida hauachi. Lakini matende ya muda mrefu nayo huenda yasiache shimo, hivyo jaribio hili pekee halitoshi.

Jiulize pia:
- Je, moyo huenda mbio au mikono hutetemeka?
- Je, unakonda ingawa unakula vizuri?
- Je, macho yametokeza au shingo imevimba?

Mweleze tabibu dalili hizo, na umwambie ikiwa uliwahi kutibiwa tezi, kwa kuwa ngozi huweza kubadilika hata baada ya homoni kurudi kawaida. Muulize kuhusu kipimo cha damu cha thairoidi. Kisipopatikana kituoni, omba rufaa ya hospitali ya wilaya au ya Maweni, Kigoma. Shaka ikibaki, kipande kidogo cha ngozi huweza kupimwa.

Krimu kali ya steroidi huweza kuwa sehemu ya tiba, lakini ikipakwa penye fangasi huficha ugonjwa na kuueneza. Chumvi yenye madini joto huzuia rovu litokanalo na upungufu wa madini hayo, haitibu Graves. Usiongeze vidonge vya madini joto bila ushauri.

Mguu ukiwa na joto, maumivu na homa, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Chukua pakiti za dawa zote ulizokwisha kutumia.