Kukadiria Uzito wa Sulisuli Bila Kumtoa Majini

Msimu wa kaskazi ukiingia, boti za uvuvi wa michezo hutoka Watamu na Malindi kutafuta sulisuli na nduaro. Wengi wa samaki hawa huachiliwa baada ya kuwekewa tagi, yaani kijiti chembamba cha plastiki chenye namba kinachochomekwa mgongoni. African Billfish Foundation, yenye makao yake Watamu, ndiyo inayosimamia kazi hiyo hapa pwani.

Pamoja na aina ya samaki, tarehe na mahali, mabaharia huandika urefu na uzito. Hapo ndipo ugumu ulipo: utampima vipi samaki ambaye hutakiwi kumtoa majini? Akining'inizwa kwenye mzani, uzito wake mwenyewe unaweza kumuumiza ndani. Na kila dakika anayokaa nje ya maji anakosa pumzi. Samaki akifa baada ya kuachiliwa, tagi haina maana tena, na msimu ujao mgeni atakosa wa kuvua na baharia atakosa kazi. Ndiyo maana tunakadiria.

Vipimo viwili

1. Urefu. Pima kutoka ncha ya taya la chini hadi kwenye panda ya mkia, mahali unapogawanyika. Usianzie kwenye upanga wake, kwa kuwa mara nyingine huwa umevunjika na samaki wawili walio sawa wataonekana tofauti. Njia rahisi ni kuchora alama za rangi ubavuni mwa boti, kila baada ya sentimita 10. Samaki akilala kando ya boti, soma alama.

2. Mzingo. Huu ni unene wa mwili kuzunguka pale palipo panene zaidi. Tumia kamba laini au tepu ya fundi wa nguo, lakini ikiwa tu samaki ametulia.

Hesabu

Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha tena kwa urefu, kisha gawanya kwa 28,900. Vipimo viwe vya sentimita; jibu litakuwa kilo. Wanaotumia inchi hugawanya kwa 800 na kupata pauni.

Mfano: sulisuli ana urefu wa sentimita 170 na mzingo wa sentimita 65.

65 × 65 = 4,225
4,225 × 170 = 718,250
718,250 ÷ 28,900 = karibu kilo 25

Tahadhari kuhusu mzingo

Tuseme ulikosea urefu kwa sentimita 5, ukaandika 175. Jibu litapanda kwa chini ya kilo moja. Lakini ukikosea mzingo kwa sentimita hizo hizo 5, ukaandika 70, jibu litaruka hadi karibu kilo 29. Sababu ni kwamba mzingo unazidishwa mara mbili. Kwa hivyo, kama samaki anapigapiga na huwezi kumzungushia kamba, usibuni mzingo. Andika urefu uliousoma, na kwenye uzito eleza kuwa ni wa kukisia kwa macho. Urefu wa kweli una faida kuliko kilo za kumfurahisha mgeni.

Kabla ya kumwachilia

• Vaa glavu, mshike upanga, na umwache mwili wake majini wakati wote.
• Choma tagi kwenye nyama ya mgongo, mbali na kichwa na mashavu.
• Kama ndoana imeingia ndani sana, kata mshipi karibu nayo. Usiivute.
• Kama amechoka, boti iende mbele polepole ili maji yapite mashavuni. Mwachilie anapoanza kupiga mkia kwa nguvu.

Kwa wavuvi wa nyavu na mishipi

Hata wewe usiyevua na watalii una sehemu yako. Ukimpata samaki mwenye tagi, usiitupe. Andika namba yake, tarehe, mahali ulipomvua na urefu wake kwa njia tuliyoeleza, kisha upeleke taarifa kwa BMU yako au afisa wa uvuvi aliye karibu. Namba hiyo ikilinganishwa na kumbukumbu ya siku alipowekewa tagi, tunajua amesafiri umbali gani na amekua kiasi gani. Iwapo kipimo cha kwanza kilikuwa cha kubuni, hata chako cha kweli hakitasaidia.

Jipime: Nduaro ana urefu wa sentimita 200 na mzingo wa sentimita 80. Ana uzito gani? (Jibu: karibu kilo 44.)