Simu ya Waya au ya Intaneti: Ipi Itaita Umeme Ukikatika?

Ikiwa umepita miaka thelathini huenda unaikumbuka simu ya mezani yenye namba inayoanza na 042, imefunikwa kitambaa sebuleni, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Asiyekuwa nayo alipanga foleni kwenye kibanda cha simu, sarafu mkononi. Leo mtu wa Siyu huzungumza na dadake aliye Mombasa kwa WhatsApp, tena wakionana nyuso. Je, laini ya kawaida bado ina faida?

Tuanze na umeme. Simu ya waya haikuhitaji umeme wa nyumbani. Nguvu yake, takriban volti 48, ilitoka kwenye kituo cha simu kupitia waya zile zile za shaba zilizobeba sauti, na kituo kilikuwa na betri zake. Nyumba ilipokuwa gizani, simu iliendelea kuita. Simu ya intaneti hugeuza sauti kuwa data na kuituma vipande vipande. Ukipiga kwa Wi-Fi, ni lazima kifaa chake kiwe na umeme. Ukipiga kwa bando, ni lazima liwe halijaisha.

Kwa gharama, intaneti imeshinda. Mazungumzo ya sauti tupu hutumia karibu nusu MB hadi MB 1 kwa dakika (ya video hula zaidi, kwa hivyo angalia bando lako), na umbali hauongezi bei. Tena tangu nyaya za chini ya bahari zifike Mombasa mwaka 2009, hatutegemei tena setilaiti iliyochelewesha sauti. Lakini wenye jamaa Dubai wanaijua adha moja: katika Falme za Kiarabu, simu za WhatsApp huzuiwa ingawa ujumbe hupita, na watu hulazimika kutumia programu zilizoidhinishwa huko. Kabla ya kumlaumu kijana kwamba hapokei simu za mamake, fikiria hilo.

Palipo na hatari hasa ni wakati wa dharura. WhatsApp haiwezi kupiga 999 wala 112. Namba hizo hupigwa kwa laini ya kawaida. Ukipiga 112 kwa simu ya mkononi, inaweza kupita kwenye mnara wa kampuni nyingine ikiwa mtandao wako haushiki.

Chukua mama mjamzito wa Kizingitini aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku, na familia inamtafuta nahodha wa boti. Nahodha amezima data ili bando lisiishe. Wakimpigia kwa WhatsApp, simu yake haitaita hata mara moja, nao watadhani amelala fofofo. Wakimpigia kwa laini ya kawaida, itaita.

Wenye nyumba za wageni na maduka wanaotaka kuhamia simu za intaneti wamuulize mtoa huduma kabla ya kutia sahihi: je, namba yetu ya zamani itabaki? Je, kifaa kina betri ya akiba, na hudumu saa ngapi?

Nyumbani, weka simu moja ya kitufe yenye chaji na salio. Andika namba za nahodha, zahanati na jirani kwenye karatasi, uibandike ukutani.